Kuweza, Kujuzu na Kupasa

Katika lugha ya Kiingereza yako maneno machache mafupi ambayo hayana kazi yake peke yake. Hayalimi wala hayajengi, hayaendi wala hayarudi. Hukaa mbele ya kitenzi kingine na kukitia hali: kwamba jambo lawezekana, au limeruhusiwa, au halina budi, au litakuwa. Maneno hayo ni kama "can", "may", "must", "shall" na "will". Mwanafunzi huyasoma katika kitabu cha sarufi kwa wiki moja au mbili, akayajibia mtihani, kisha akayaweka kando pamoja na mambo mengine ya darasani. Lakini ndani ya maneno haya limo jambo lipitalo sarufi. Ndiyo maneno ambayo watu huyatumia waamrishapo na waahidipo, waruhusupo na wanyimapo. Neno la namna hiyo likiwa na maana mbili, msemaji akakusudia moja na msikilizaji akapokea nyingine, yuko mtu atakayepata hasara. Swali la nani aibebe hasara hiyo halitatuliwi na sarufi. Ni swali la haki.

Mtoto wa Janga, upande wa Mlandizi katika Wilaya ya Kibaha, huufikia mlango wa swali hili mapema. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule za msingi za serikali zimekuwa zikifundisha kwa Kiswahili, na sekondari zikaendelea kufundisha kwa Kiingereza. Mtoto aingiapo kidato cha kwanza hutaka kutoka nje, akaomba kwa neno "can". Mwalimu aliye mkali wa sarufi humjibu kwamba uwezo anao, kwa kuwa miguu anayo na mlango u wazi. Asichokuwa nacho ni ruhusa, na neno la ruhusa ni "may". Darasa hucheka. Mtoto huketi akidhani kwamba amekosa neno la Kiingereza tu, kumbe ametajiwa moja katika misingi ya maadili: kuwa na nguvu ya kutenda jambo si kuwa na idhini ya kulitenda.

Msingi huo si mgeni kwake. Kwao hakuna aingiaye nyumba ya mtu bila ya kupiga hodi. Mlango waweza kuwa umesindikwa tu, au pengine hakuna mlango ila pazia; mkono wowote ungeweza kulisogeza. Hata hivyo mtu husimama nje, akaita, akangoja aambiwe karibu. Asipojibiwa baada ya mara tatu, hurudi alikotoka. Hodi ni mpaka kati ya kuweza na kuruhusiwa, na mtoto huulewa mpaka huo kabla hajajua kusoma. Hata sarufi ya lugha yake huulinda. Aombaye ruhusa kwa Kiswahili cha wazee hasemi "naweza kuingia?" Husema "niingie?" au "naomba niingie", na katika umbo hilo la kitenzi hakuna habari ya nguvu zake hata kidogo, mna habari ya radhi ya mwenye nyumba. "Naweza kuingia?" ni msemo wenye harufu ya Kiingereza, na uzoeleapo masikioni mpaka ule wa kale hufifia kidogo.

Kwa asili, kuweza katika Kiswahili ni habari ya mwili na nguvu. Mtu wa pwani akisema "mzee leo hawezi", hakuna aulizaye ni jambo gani asiloliweza. Wote huelewa kwamba mzee ni mgonjwa. Ama ruhusa ina maneno yake mengine. Liko neno kujuzu: jambo hili lajuzu, lile halijuzu. Uko wajibu nao, wenye jamaa wengi: kupasa, kubidi, kulazimu, sharti, faradhi. Mtu ambaye hana njia ya kuliepuka jambo husemwa hana budi. Na jambo lisilo na hakika hupewa huenda, labda, pengine au yumkini. Elimu ya sheria ya Kiislamu, iliyosomwa pwani kwa karne nyingi, iliwazoeza watu kuyagawa matendo ya binadamu katika mafungu matano: la faradhi, la suna, la halali lisilo na thawabu wala dhambi, la makuruhu, na la haramu. Mtu aliyelelewa katika mgawanyo huo hawezi kusema kwamba lugha yake haina vyombo vya kupimia mambo haya. Pengine anavyo vingi kuliko mwalimu wake wa Kiingereza.

Kiingereza chenyewe kilifika hapo kilipo kwa njia iliyopinda. Neno "can" hapo kale lilikuwa na maana ya kujua. Aliyeweza alikuwa ni yule ajuaye. Neno "may", linalofundishwa leo kuwa ndilo la ruhusa, lilikuwa neno la nguvu. Neno "must", ambalo leo humfunga mtu asiwe na hiari, lilitokana na neno lililokuwa na maana ya kuruhusiwa. "Will" lilikuwa kutaka. Na "shall" lilikuwa kudaiwa: aliyelitumia alikuwa akikiri deni. Basi nguvu imegeuka kuwa ruhusa, ruhusa imegeuka kuwa lazima, na deni na matakwa yote mawili yamegeuka kuwa alama za wakati ujao. Maneno haya hayakuhama kwa bahati tupu. Mwenye nguvu hupenda kuiona nguvu yake kuwa ni ruhusa, na aliyepewa ruhusa na mkubwa wake mara nyingi huona kwamba hana budi kuitumia.

Kiswahili nacho kina safari ya namna hiyo. Wataalamu wengi wa lugha huona kwamba alama ya wakati ujao, ile "-ta-" ya atakuja na tutajenga, ni mabaki ya kitenzi kutaka. Ushahidi wake ungali unaonekana katika maneno kama atakayekuja na atakapofika, ambamo "taka" nzima bado imo. Kwa hiyo asemaye "tutajenga" alikuwa, kwa asili ya neno, akisema kwamba wataka kujenga. Lakini waliotumia neno hilo waliliwekea ulinzi kwa methali isemayo kwamba ahadi ni deni. Kiingereza kilitia matakwa katika neno moja na deni katika neno la pili. Kiswahili kilitia matakwa katika kitenzi, na deni kikaliacha kwenye methali, yaani kwenye dhamiri ya msemaji. Alama moja ile ile yabeba utabiri, kama vile mvua itanyesha, yabeba kusudio, kama vile kesho nitalala mapema, yabeba ahadi, na katika sheria yabeba amri.

Jambo hili la sheria si dogo. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, baada ya miaka mingi ambayo sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Katika sheria hizo "shall" na "may" ndiyo maneno yenye mamlaka makubwa kuliko yote. Uzito wake ni mkubwa hata Sheria ya Tafsiri ya Sheria, katika kifungu chake cha 53, yayaeleza yote mawili: palipotumika "may" katika kutoa madaraka, mwenye madaraka ana hiari ya kuyatumia au kutoyatumia, palipotumika "shall" katika kukabidhi kazi, kazi hiyo haina budi kufanywa. Yagueuzwapo kuwa Kiswahili, mara nyingi la kwanza huwa "anaweza" na la pili huwa "-ta-". Ndipo neno la nguvu linapobeba hiari ya mtawala, na neno la matakwa likabeba wajibu wake. Mwanasheria hapotei hapo, kwa kuwa amesoma kifungu cha 53. Lakini mkulima asomewapo kwamba halmashauri ya kijiji itasimamia ardhi, atajuaje kama ameelezwa desturi, au ametabiriwa mambo yajayo, au amepewa haki ya kudai?

Wilaya ya Kisarawe, jirani na Kibaha, ina kisa kinacholiweka swali hili mahali pa wazi. Mwaka 2009 kampuni moja ya kigeni ilimilikishwa zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji zaidi ya kumi vya wilaya hiyo, kwa muda wa miaka 99, ili ilime mibono, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kuendeshea mitambo. Mgeni hamilikishwi ardhi ya kijiji. Kwa hiyo ardhi hiyo ilitolewa kwanza katika fungu la ardhi ya vijiji, ikatiwa katika fungu la ardhi ya jumla. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaeleza njia ya kufanya hivyo. Rais ana hiari ya kuagiza uhamisho kwa manufaa ya umma. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio ukubalio au ukataao. Likizidi hapo, kijiji hutoa mapendekezo yake na waziri ndiye akataye shauri. Mikutano ikafanyika vijijini, na vijiji vikaridhia. Mwaka 2011 kampuni iliacha kazi, mamia ya watu wakakosa ajira, na haki juu ya ardhi ikahamia mikono mingine. Haikurudi kijijini, kwa maana ilikuwa imekwisha kutoka katika fungu la vijiji.

Wanakijiji waliwaeleza watafiti na waandishi wa habari kwamba waliahidiwa mambo mengi kabla ya kuridhia: visima, barabara, zahanati, shule na kazi. Sehemu kubwa ya ahadi hizo zilikuwa za mdomo. Insha si mahakama, wala haina haki ya kuhukumu nia ya mtu ambaye hakuhojiwa. Lakini umbo la jambo lenyewe laweza kutazamwa. Mtu asimamapo mbele ya mkutano akasema "tutawachimbia visima", amesema neno moja lenye milango miwili. Yeye aweza kutoka kwa mlango wa kusudio: tulitaka kuchimba, mambo yakatuharibikia. Msikilizaji ameingia kwa mlango wa deni: walisema watachimba, kwa hiyo visima vyetu. Wala msemaji hakusema uongo. Kusudio huenda alikuwa nalo kweli. Ilhali radhi ya kijiji ilitolewa kwa ajili ya deni, wala haikutolewa kwa ajili ya kusudio. Na ardhi iliyotolewa kwa radhi hiyo haikutolewa kwa kusudio, ilitolewa kwa hati.

Je, mtu aweza kudhulumu kwa neno ambalo si la uongo? William Paley, mwanafalsafa wa Kiingereza, alilifikiri jambo hili katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785. Alisema kwamba ahadi yenye maana mbili haifasiriwi kwa maana aliyoificha mtoa ahadi moyoni. Kama ingekuwa hivyo, kila mjanja angeponea katika maneno yake. Wala haifasiriwi kwa kila maana ambayo mpokeaji alijitungia; kama ingekuwa hivyo, mtu angefungwa kwa ahadi ambayo hakuitoa kamwe. Hufasiriwa kwa maana ambayo mtoa ahadi alijua, wakati wa kuahidi, kwamba mwenzake ameipokea. Mizani hii ni ya haki, kwa kuwa huutia mzigo juu ya yule aliyeuona mlango wa pili na kunyamaza. Asemaye "tutajenga" huku akiona nyuso za wasikilizaji zikipokea deni, ana saa moja tu ya kusema: ndugu zangu, hayo ni matumaini, hayamo katika mkataba. Akinyamaza saa hiyo, kimya chake kimetia sahihi.

Wako watakaojibu kwamba kosa ni la lugha: Kiswahili hakigawi maana hizi, kwa hiyo mambo mazito kama sheria na mikataba yangeachwa katika Kiingereza. Jibu hili halisimami. Kiingereza chenyewe hakikuokoka. "May" yake ni ruhusa, na pia ni huenda. "Must" yake ni wajibu, na pia ni dhana ya mtu aliyeona dalili: taa zinawaka, basi lazima wamo ndani. Lau kama maneno yale yangekuwa wazi kwa asili yake, Bunge lisingalikuwa na haja ya kutunga kifungu cha kuyaeleza. Waingereza hawakusubiri lugha yao isafike yenyewe. Walikaa wakaamua kwamba katika sheria neno hili litakuwa na maana hii. Kiswahili kina njia ile ile, tena kina akiba kubwa ya maneno. Mtunga sheria akitaka wajibu, aseme inapasa au sharti. Akitaka hiari, aseme kwa hiari yake, wala asiseme anaweza. Akitaka kukataza, aseme haijuzu. Maneno yapo, kinachohitajiwa ni nia ya kuyatumia mahali pake.

Wengine watasema kwamba muktadha hutosha, na kwamba watu wazima huelewana. Hilo ni kweli kwa watu walio sawa. Wafanyabiashara wawili wa soko moja huelewana kwa nusu ya neno, kwa sababu kila mmoja ajua atakachopoteza na ajua mahali pa kumpata mwenzake. Muktadha wa mkutano wa kijiji si huo. Upande mmoja una mwanasheria, ramani na mkataba ulioandikwa. Upande wa pili una masikio. Hapo neno la milango miwili halifasiriwi na muktadha, hufasiriwa na mwenye nguvu, tena baadaye, wakati wa mavuno au wakati wa hasara.

Hatari hiyo ni ya kale. Mwaka 416 kabla ya Masihi, wajumbe wa Athens walifika katika kisiwa cha Melos wakitaka watu wake wasalimu amri. Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki, aliyaandika mazungumzo yao. Hoja ya wajumbe, kwa ufupi, ilikuwa kwamba habari za haki huzungumzwa baina ya walio sawa kwa nguvu, ama wasio sawa hutenda na kutendwa kwa kadiri ya uwezo wao. Katika hoja ile neno la kuweza lilimeza maneno mengine yote: hapakubaki la kujuzu wala la kupasa. Watu wa Melos walikataa. Wakazingirwa, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Hakuna wa kulinganisha mkutano wa Kisarawe na msiba wa Melos. Lakini kosa la fikira ni la ukoo mmoja, na huanza pale neno "naweza" linapokubaliwa kuwa jibu la swali "je, yajuzu?"

Upande wa pili wa mizani nao haufai kusahauliwa. Immanuel Kant alifundisha kwamba pasipo kuweza hapana kupasa: hakuna awezaye kudaiwa lisilo katika uwezo wake. Mafundisho ya Kiislamu yana jambo la jinsi hiyo, kwani hija ni faradhi kwa mwenye uwezo wa kuiendea tu. Sheria ya mwaka 1999 yaipa halmashauri ya kijiji wajibu wa kuisimamia ardhi kama mdhamini anayeshika mali ya wengine, na yaikataza kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujakubali. Huo ni wajibu mwema. Lakini mdhamini ambaye hana ramani ya mipaka yake, hana nakala ya mkataba, wala hana wa kumfafanulia maneno ya mkataba huo, amepewa lazima bila kuweza. Basi amtwishaye mwenzake wajibu ana deni la kumwezesha. Mji wa Dar es Salaam unatanuka kufuata barabara ya Morogoro, na ardhi ya Kibaha yatafutwa kila siku. Deni hilo halina budi kulipwa kabla ya mkutano, si baada yake.

Yaonekana basi kwamba somo la vitenzi visaidizi si somo la kupita. Mwalimu amkosoaye mtoto kwa "can" na "may" amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kumwonyesha kwamba tofauti ile ile imo katika hodi ya kwao, katika kujuzu na kupasa, na katika methali ya ahadi. Na kumfundisha maswali matatu ya kumwuliza kila asimamaye mbele ya mkutano. Asemapo "naweza", aulizwe: una nguvu, au una ruhusa, na ruhusa hiyo ni ya nani? Asemapo "haiwezekani", aulizwe: nguvu imekosekana, au sheria yakataza, au hutaki? Na asemapo "tutajenga", aulizwe kwa heshima, mbele ya wote, na jibu lake liandikwe: mwataka kujenga, au mwadaiwa?